Nipe Ambayo Haijatengenezwa

4 Februari

Mwanangu, mtoto wa kaka yangu,

Marahaba. Najua ungeanza na shikamoo, ila barua zako hukaa sana njiani, kwa hiyo nimeitikia kabisa. Sisi tupo. Bibi yako amefanyiwa upasuaji wa jicho la kushoto na sasa anaona, na nyumba nzima tunajuta. Anaona vumbi juu ya kabati, anaona nani kavaa shati lisilopigwa pasi, na jana amenitazama usoni kwa muda akasema, "Kumbe na wewe umezeeka hivi, na hakuna aliyeniambia." Baba yako hajambo. Bado anapima paneli za sola kwa mwendo wake uleule, ndiyo maana kiwandani wanamwita Polepole, lakini hakuna paneli iliyopita mikononi mwake ikarudishwa na mteja.

Naandika kwa sababu kwenye simu mtandao wako hukatika kila nikifika kwenye jambo. Jambo lenyewe ni hili.

Kampuni yako imeniletea taarifa ya mistari minne. Kuanzia mwezi wa tatu haiuzi tena seli tupu, vile vipande vinavyogeuza jua kuwa umeme, anayetaka anunue paneli zilizokamilika. Miaka saba nanunua kwao! Nilianza na katoni moja, chuma kimoja cha kuchomelea na meza ya kuazima, leo nina watu arobaini na mmoja. Na hawakuona haya kuanza na "mteja wetu mpendwa".

Bei naijua. Paneli nzima ikishuka melini, ushuru ukalipwa, bado iko chini kuliko nikinunua vitu vyake kimoja kimoja: seli, kioo, fremu na utando wa nyuma. Ni kama kuuziwa mkate kwa bei iliyo chini ya unga wake. Hilo nimeshalizoea. Wanaonunua kwangu hununua kwa sababu paneli ikisumbua wanajua geti la kuja kugonga.

Sasa mamlaka ya umeme wa vijijini ilitangaza zabuni ya shule na zahanati: paneli elfu sita za wati 370, kwa sharti ziwe zimetengenezwa nchini. Nimeipata. Wenye suti waliiomba pia, wakashindwa. Kukabidhi ni mwisho wa Julai. Paneli yangu moja inakula seli sabini na mbili, piga mwenyewe: 432,000. Ongeza mbili kwa mia za kuvunjika, maana seli ni nyembamba kuliko ukucha: 440,640. Bila seli hizo sina zabuni, na bila zabuni hiyo mwaka huu hauishi geti langu likiwa wazi. Wewe uko ndani ya nyumba yao, ofisi ya mauzo, kiti cha pili kutoka mlangoni, uliniambia mwenyewe. Waombe waniuzie mara ya mwisho. Kama si wao, nani?

Na jambo dogo la furaha. Zabuni inataka kila paneli iwe na kibandiko cha lugha ya mwananchi. Nimetunga mwenyewe: IMETENGENEZWA HAPA. Herufi nyekundu, kubwa, Bibi amezisoma kutoka upande wa pili wa chumba. Tisini za kwanza zimeshakwenda dukani kwa Mama Swichi.

Shangazi yako

*

11 Machi

Shangazi,

Shikamoo, japo umeshaitikia. Mwambie Bibi asilitese jicho jipya kwa kuwakagua watu. Hapa baridi imeanza kulegea. Nimehama chumba, sasa nakaa juu ya duka la fundi cherehani, mashine yake inanguruma chini ya kitanda changu tangu asubuhi, na lifti haifanyi kazi, kwa hiyo napanda ghorofa tano kwa miguu na mizigo ya sokoni. Nimekonda. Utaniona na utanisema.

Nimewatumia glavu za kazi jozi hamsini, zile nyepesi zisizoacha alama kwenye kioo. Wakala wa mizigo atakuletea pamoja na barua hii.

Kuhusu seli, nimeuliza. Mkubwa wangu amesema jambo liko mezani. Nitakuandikia likishuka.

Hongera ya zabuni. Kibandiko ni kizuri. Hivi ule uwanja wa kiwanda cha nguo, ulio nyuma ya kituo cha mafuta, bado hauna mtu? Baba aliwahi kusema una transfoma yake.

Mpwa wako

*

2 Aprili

Mwanangu,

Bibi hajambo, glavu zimefika, zinafaa. Kukonda umekutaka mwenyewe. Uwanja wa kiwanda cha nguo uko palepale, umejaa popo na magugu, na transfoma ipo kama haijaibiwa shaba yake. Unauliza ya nini?

Seli zako ziko mezani tangu lini, na meza hiyo ina miguu mingapi? Mwezi wa tatu umekwisha. Meli nayo ina mwendo wake, haitapaa. Nataka neno moja, ndiyo au hapana.

Acha nikusimulie, maana usiposikia kwangu utasikia kwa baba yako na yeye atatia chumvi. Mama Swichi alikuja kiwandani kwa gari la mizigo, paneli zangu zote tisini zimo nyuma. Akashuka, mkono kiunoni.

"Bi Wati, chukua mali yako."

"Ina kasoro?"

"Haina. Wateja hawaitaki. Mtu anaigeuza, anasoma, anairudisha ukutani. Mmoja kaniuliza, 'Mama, hii iliharibika nini?' Nikamwambia haijaharibika. 'Mbona imeandikwa imetengenezwa?' Mwingine akataka bei ya mtumba. Wa tatu kaniambia waziwazi, 'Mimi nipe ambayo haijatengenezwa.'"

Mwanangu, nilisimama pale kama niliyemwagiwa maji. Redio ikifa unaipeleka ikatengenezwe. Gari likigonga linatengenezwa. Mimi mwenyewe maisha yangu yalianzia kwenye kibao cha "Tunatengeneza Pasi na Redio", halafu nachukua neno hilohilo nalibandika kwenye kitu kipya, kwa herufi nyekundu! Na nyekundu ndiyo rangi ya onyo. Baba yako alicheka mpaka akakaa juu ya katoni. Nikamuuliza, "Na wewe ulikiona kibandiko, mbona hukusema?" Akajibu, "Dada, nilidhani unajua unachokifanya." Mwezi mzima kila mmoja amekisoma na kila mmoja amedhani hivyo.

Nimechapisha vingine: IMEUNDWA HAPA. Rangi ya kijani. Mama Swichi amezichukua tena, na ameuza thelathini na nane.

Nilipodhani nimemalizana na maneno, akaja mkaguzi wa zabuni. Kijana msafi, miwani, koti la kijivu. Akazunguka mezani mpaka kwenye ile mashine ya kubana kwa joto tunayoiita oveni, akauliza, "Mama, hapa mnaunda au mnaunganisha?"

"Unaona mwenyewe."

"Naona seli zimetoka nje. Kioo kimetoka nje. Hapa mnaunganisha."

"Koti lako limeshonwa na nani?"

"Fundi wangu."

"Pamba alilima yeye?"

Akaandika kitu, hakunionyesha. Lakini alikunywa chai yetu vikombe viwili, kwa hiyo sijakata tamaa.

Neno moja, mwanangu. Ndiyo au hapana.

Shangazi

*

25 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Nilisoma habari ya Mama Swichi nikiwa ngazini, nikacheka peke yangu mpaka fundi cherehani akatoka nje kuniangalia. Na mimi nilikisoma hicho kibandiko nikasema ni kizuri, kwa hiyo tupo wengi. Msalimie Baba. Meno yake mapya yamekaa vizuri?

Jibu ni hapana. Seli tupu hawauzi, hata mara ya mwisho, hata kwako. Nimeomba mara tatu, na ya tatu nimeambiwa nisirudi.

Mkubwa wangu ana pendekezo, nalileta kama alivyolisema. Anaweza kukuuzia paneli elfu sita zilizokamilika, wati 370, hazina jina wala nembo, nyuma ziko nyeupe. Zinapakiwa wiki ijayo. Zikifika unabandika kibandiko chako cha kijani. Bei nimeiandika kwenye karatasi iliyomo ndani, na utaona ni ndogo. Mkaguzi atapima wati, na wati zitakuwepo.

Fikiria, Shangazi. Hakuna njia nyingine ya kufika Julai.

Mpwa wako

*

16 Mei

Wewe,

Bibi mzima. Baba yako mzima, na meno yake yanatafuna. Salamu zimekwisha.

Karatasi ya bei nimeisoma. Faida yake nimeipiga, ni kubwa kuliko nilichopata miaka miwili iliyopita ukijumlisha. Sitasema sikuipiga mara ya pili. Halafu nikajiuliza hawa watu arobaini na mmoja nitawafanya nini, maana vibandiko elfu sita wanabandika watatu, kwa wiki moja, wakiwa wanapiga soga. Na zahanati ikizimikiwa taa mwaka wa pili, mhudumu akaja kugonga geti, nimfungulie nimwambie nini? Kwamba ndani hamna mtu anayejua paneli ilivyoundwa? Mwambie mkubwa wako paneli zake nyeupe azipake rangi anayoitaka. Sichukui.

Hilo ni la kwanza. La pili ndilo lililonifanya nikukatie salamu.

Jumatatu nilipita kituo cha mafuta kujaza gari. Nyuma yake, kwenye uwanja wa kiwanda cha nguo, magugu yamefyekwa, na wanaume wanne wanavuta kamba za kupimia. Kofia zao zina nembo ya kampuni yako. Nikaenda. Mmoja ni mtu wa hapahapa, mpimaji, mchangamfu, hajui ananena na nani.

"Karibu, mama! Kinakuja kiwanda cha paneli, Septemba kinafunguliwa. Mistari mitatu ya uzalishaji, watu mia mbili na sitini. Na seli watazioka hapahapa."

"Mahali hapa mlipajuaje?"

"Wana binti yao kule ofisini, mzaliwa wa hapa. Ndiye aliyeandika ripoti. Mpaka transfoma aliitaja!"

Nilijaza gari nikaondoka. Nilisahau chenji.

Kwa hiyo nilipokuandikia Februari ulikuwa unajua. Uliponiuliza uwanja una mtu, mimi nikakujibu kama mpumbavu, na popo nikakutajia. Jibu langu limo kwenye ripoti? Mnanifungia seli, mnaniletea paneli nyeupe nibandike jina langu, halafu Septemba mnafungua geti lenu barabara moja na langu. Nimekulea miaka sita, mama yako alipofariki, na sijawahi kukuandikia hilo kwenye barua yoyote. Leo nimeliandika.

Sina swali. Ningekuwa nalo ungelijibu kwa habari za lifti.

Shangazi

*

24 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Nimeituma hii kwa ndege, kama ulivyoituma yako, kwa sababu sitaki ikae njiani.

Nilijua tangu Januari. Nilitia saini karatasi kwamba sitasema, kwa mtu yeyote, jamaa akiwemo, na neno jamaa limeandikwa waziwazi. Ukitaka kujua kwa nini wanakuja, ni hivi. Nchi kubwa zinazonunua paneli zetu zimepandisha ushuru kwa kila kinachotoka huku. Paneli ileile ikitoka kwenu haina ushuru huo. Kwa hiyo kampuni inahama ili paneli ipate cheti kipya cha kuzaliwa. Kila mtu hapa anahama. Ghorofa ya chini yetu wameshabaki na meza tu.

Kulikuwa na nchi tatu mezani. Nchi nyingine zilikuwa na bandari nzuri kuliko yetu. Nikaisukuma ya kwetu, na nisingeisukuma, hao watu mia mbili na sitini wangeajiriwa kwa jirani, seli ungezikosa vilevile, na wewe ungeniandikia kuniuliza nilikuwa nafanya nini huku. Mahali nilipataja kabla sijapata jibu lako. Popo hawakuingia kwenye ripoti.

Zabuni yako sikujua kama wataigusa. Nilipojua, walikuwa wameshafunga seli. Hapo ningeweza kukuambia, na sikukuambia. Nimeliandika ili usidhani nimelisahau.

Lakini na wewe, Shangazi. Baba amenipigia. Tangu Machi watu wako wanafanya kazi siku tatu kwa wiki, na gari unaloliandika kwamba umelijaza mafuta lina bango la kuuzwa kwenye kioo. Uliniandikia hesabu ya seli mpaka ile ya mwisho, na hilo hukuliandika. Ningejua kwamba mambo yamefika huko ningevunja hiyo saini Machi. Labda. Na miaka yote hii hujaniuliza nafanya kazi gani hapa. Unaniuliza bei.

Sikiliza sasa. Kuna kiwanda upande wa pili wa mpaka, siku mbili kwa lori, kilikuwa kinaunda paneli kwa ajili ya mnunuzi wa ng'ambo. Mnunuzi amejitoa kwa sababu ya ushuru huohuo, na ghala lao limejaa seli ambazo hazina pa kwenda. Meneja wa ghala ni mama mmoja mkali, mtaelewana. Namba yake iko nyuma ya karatasi hii. Alituandikia kututaka tumnunulie, na kampuni imekataa. Seli zake ni kubwa kuliko zako. Sijui zimebaki ngapi.

Hii nayo nilizuiwa kuisema.

Naletwa nyumbani Septemba, msimamizi wa manunuzi wa hicho kiwanda kipya. Nilitaka ulisikie kwangu kabla ya yule mpimaji.

Mpwa wako

*

9 Agosti

Mwanangu,

Marahaba. Bibi jicho la kulia nalo limefanyiwa, sasa hatuna pa kujificha. Amehesabu vikombe na anasema kimoja hakipo tangu kabla hajaanza kuona vibaya.

Nilimpigia yule mama wa ghala siku ileile. Kabla ya salamu akaniuliza, "Unalipa au unaulizia?" Nikampenda. Alikuwa na seli 248,000, na kioo chake pia, na bahati kioo kilikuwepo, kwa sababu changu hakikuenea upana, na kioo kile ukikikata kinasambaratika chote kama chumvi. Ni kweli, seli zake ni kubwa. Zinatoa wati 6.2 moja, kwa hiyo sitini zinatosha pale nilipokuwa natia sabini na mbili: wati 372. Zabuni inadai wati, haikudai idadi ya seli. Baba yako alizipanga upya mezani kwa vipande vya karatasi kwanza, siku nzima, vijana wanamcheka, na ya kwanza tuliyoiwasha ikasoma 373. Hawakucheka tena. Gari nimeliuza, ndilo lililolipa malori.

Tumekabidhi paneli 4,080. Zilizovunjika hazifiki hata moja na nusu kwa mia, andika hilo kwenye ripoti zako. Mkaguzi alikuja tena na koti lake, akauliza, "Na seli hizi?" Nikamwambia za jirani, zimekuja kwa lori, dereva yule pale anakula. Akazunguka, akapima, akasaini. Aliuliza kama chai ipo.

Zilizobaki 1,920 sikuzifikia, na mamlaka haikuniongezea muda. Mmepewa ninyi. Nimeziona zikishuka bandarini, nyuma nyeupe. Sijui nani atabandika, na sitaki kujua kama ni wewe.

Geti langu liko wazi. Watu wangu kumi na wanne wamehamia kwenu, mnalipa zaidi, na sikuwasema. Wamebaki ishirini na saba, siku tano kwa wiki, na yule mama wa ghala anatafuta seli nyingine tugawane kontena, nusu kwa nusu, tusingoje huruma ya mtu mmoja. Mtakapoanza kuoka seli zenu, nami nitakuja kuulizia bei kama mteja yeyote, na nitabishana.

Sasa jambo lenyewe. Baba yako amepata barua kutoka kwenu, mkuu wa upimaji, mashine mpya, sare. Aliikunja mfukoni wiki nzima. Juzi tunakunywa chai akaitoa akaiweka mezani.

"Dada, wananiita."

"Naona."

"Hapa nani atapima?"

"Mimi. Nilikuwa napima kabla hujajua waya upi ni upi."

"Wewe una haraka."

"Nitajifunza upolepole."

Alikunywa chai yake mpaka ikabaki majani, akaenda akafuta meza ya upimaji, akapanga waya zake kwa rangi, akaniachia. Jumatatu ijayo anaanza kwenu. Mtunze, akishika paneli asisukumwe.

Uliniambia sijakuuliza kazi yako. Ni kweli. Ukija utanieleza, nami nitasikiliza mpaka mwisho, hata pale nisipopapenda. Chumba chako kimefagiliwa, na Bibi ameshakikagua. Ingia kama ulivyokuwa ukiingia, kwa mlango wa nyuma, bila hodi.

Ila geti la kiwandani ni jingine. Pale utagonga, utaandika jina la kampuni yako kama wageni wengine, na utangoja nikufungulie. Nitakufungulia.

Shangazi yako